UZI: Wafadhili wakienda, mtoto mwenye ulemavu anabaki na nani?

1/ Kila kampeni mjadala ni ule ule. Mmoja anasema shule zetu zimesimama kwa pesa za wafadhili. Mwingine anasema hatutaki misaada, tujitegemee. Wote wanapigiwa makofi. Leo tuangalie historia ya hizo pesa kwenye kona isiyoongelewa sana: elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma shule ya mtaa na wenzake.

2/ Watu wa Eastlands, misaada si kitu cha mbali kwetu. Dandora ilianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti kama 6,000 zenye maji na choo, na shule za msingi ndani ya mpango. Shika hilo neno, mkopo. Kuna pesa tunapewa na kuna pesa tunarudisha. Anayezichanganya jukwaani ama hajui, ama anajua sana.

3/ Mtoto mwenye ulemavu alikuwa na njia yake kando. Enzi za ukoloni kazi hiyo ilibebwa na makanisa. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946. Imesaidia wengi, lakini ni bweni. Unapata nafasi, unaachana na mtaa. Hupati, unakaa nyumbani.

4/ 1984 serikali ya Denmark, kupitia shirika lake la misaada DANIDA, ilitusaidia kuanzisha vituo vya kupima watoto, hizi tunaita EARC. Wazo lilikuwa rahisi: kabla ya kusema mtoto hafundishiki, mpime kwanza. Anasikia? Anaona? Anahitaji nini? 1986 ikaja KISE pale Kasarani, ya kufunza walimu wa elimu maalumu, pia kwa msaada wa Denmark. Nchi 92 zilipokutana Salamanca, Uhispania, 1994 na kukubaliana kuhusu elimu jumuishi, sisi tulikuwa na vituo kwa miaka kumi.

5/ Kisha ufadhili wa Denmark ukaisha. Hapa ndipo penye somo. KISE ilibaki, kwa sababu iliundwa kisheria. Wapimaji walibaki, kwa sababu ni walimu na mshahara wao unatoka TSC. Kilicholegea ni usafiri na vifaa, vitu vilivyokuja na mradi bila kupata laini ya kutosha kwenye bajeti yetu. Mpimaji yupo, lakini atamfikiaje mtoto aliye ndani ya nyumba?

6/ 2003, elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Kila mtoto alipangiwa shilingi 1,020. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 50, na safari hii ilikuwa ruzuku, si mkopo. Hatua kubwa, hakuna anayebisha. Lakini darasa likifurika, wa kwanza kusahaulika ni yule anayehitaji mwalimu arudie pole pole.

7/ 2005 wafadhili na serikali wakaweka pesa pamoja kwenye mpango mmoja wa elimu, KESSP. 2009 ukaguzi ukaonyesha pesa zimeliwa. Desemba Uingereza ikasimamisha ufadhili wake, na Januari 2010 Marekani ikafuata. Aliyekula alikuwa ofisini. Aliyelipa alikuwa darasani.

8/ Baada ya hapo pesa nyingi za Uingereza zikaanza kupita kwa mashirika badala ya hazina. Mradi wa Wasichana Wote Wasome ulifika hadi mitaa ya mabanda ya Nairobi. Leonard Cheshire ikasaidia wasichana wenye ulemavu kwenye shule 50 upande wa Ziwa Victoria. Kazi nzuri. Lakini shule ya 51 je? Na ripoti ya mradi inaenda London, haiji kwa mkutano wa wazazi.

9/ Na mfadhili ana siasa zake pia. Julai 2021 Uingereza na Kenya ziliandaa pamoja mkutano wa kuchangisha pesa za elimu duniani, pale London. Mwaka huo huo Uingereza ikapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. 2025 Marekani ikaifunga USAID. Hakuna mzazi wa Kayole aliyepiga kura kwenye maamuzi hayo.

10/ Kwa hivyo "wafadhili ndio wametujenga" ni nusu ya ukweli, na "hatuwahitaji" ni nusu nyingine. Walisaidia kuanzisha. Kilichodumu ni kile tulichokiweka kwenye sheria na kwenye mishahara. Na sheria tunayo: Katiba ya 2010, kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia shule zilizojumuishwa na jamii. Hakuna mahali imeandikwa "mfadhili akipatikana".

11/ Akija kuomba kura huku kwetu, usimuulize kama anapenda wafadhili. Muulize: EARC iliyo karibu nasi ina bajeti gani ya usafiri na vifaa mwaka huu? Shule ya hapa ina walimu wangapi waliofunzwa elimu maalumu? Mradi huu ukiisha, nani ataendelea kulipa?

12/ Kama wewe ni mzazi au mwalimu na umepitia EARC, weka hapa chini ulichokiona. Tusaidiane.