Mshahara wa Pande Mbili za Mpaka



Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa si safari ndefu, ni kama kilomita 90 tu. Ng'ambo ni Zambia, nchi ya Chingola, Kitwe na Luanshya. Ardhi ni moja, shaba ni moja, na mara nyingi hata ukoo ni mmoja. Lakini mshahara haukuwa mmoja kamwe. Huku watu husema: "Heri kule, wanalipa vizuri." Na kule nao husema vile vile juu yetu. Yafaa basi tuzitazame habari hizi tangu mwanzo, ili tujue tofauti hii imetoka wapi, na kwa nini sheria ikiandikwa tu haitoshi kumjazia mtu chungu chake.

Jinsi watu walivyotafutwa

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, na mwaka 1911 tanuri ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Shaba ilikuwepo, ila watu hawakutosha. Ndiyo maana mwaka 1910 liliundwa shirika la kuandika wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Wengine wengi waliandikwa na kampuni ya Robert Williams katika Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Siku zile, basi, watu wa Luapula ndio waliovuka kuja kwetu kutafuta fedha.

Baada ya vita ya 1914–1918 franka ya Kibelgiji ilianguka thamani mbele ya fedha ya Kiingereza, na mfanyakazi wa Rodezia akawa ghali kwa kampuni. Tena karibu na mwaka 1930 machimbo makubwa ya Rodezia yenyewe yalifunguliwa. Union Minière iliona hatari hiyo mapema. Tangu mwaka 1928 ilianza kuwaweka watu kwa mapatano ya miaka mitatu, pamoja na wake na watoto wao, katika kambi zake. Tusidhani ilifanya hivyo kwa huruma tu. Mtu akikaa hujifunza kazi, na gharama ya kumtafuta mwingine hupungua.

Hapo zikatokea njia mbili za kulipa. Huku mfanyakazi alipewa posho, nyumba, hospitali na shule ya watoto, na fedha kidogo mkononi. Kule fedha za mkononi zilikuwa nyingi zaidi, lakini jamaa ya mtu haikutunzwa sana na kampuni. Ni nani aliyepata zaidi? Jibu halikuwa rahisi, kwa maana posho hailipi kodi, wala hainunui baiskeli, wala haimsaidii mzazi aliyebaki kijijini.

Damu iliyomwagika

Mwaka 1935 wachimbaji wa Rodezia ya Kaskazini waligoma kwa ajili ya kodi iliyopandishwa, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya. Mwaka 1940 waligoma tena kwa ajili ya mshahara, na 17 wakafa huko Nkana.

Zamu yetu ilifika mwezi wa Desemba 1941. Vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, lakini mshahara ulibaki nyuma. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, wakaomba waongezewe. Askari wakapiga bunduki. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa. Hesabu ya serikali ilitaja wafu 48, lakini wenyeji wa mji walihesabu wengi zaidi.

Baada ya hapo pande mbili zikaachana njia. Kule wachimbaji Waafrika waliunda chama chao mwaka 1949, kikiongozwa na Lawrence Katilungu, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia kazi ya mgodi. Mwaka 1952 waligoma wiki tatu kwa utulivu, na mwaka 1953 mwamuzi akaamuru waongezwe mshahara. Huku serikali ya Wabelgiji iliruhusu vyama mwaka 1946, lakini chini ya ulinzi mkali. Ruhusa iliyo pana zaidi ilikuja mwaka 1957 tu. Tunaona basi kwamba tofauti ya mshahara haikutoka katika mawe ya shaba. Ilitoka katika jambo hili: mfanyakazi alikuwa na mtu wa kumsemea, au hakuwa naye?

Kima cha sheria

Leo kila nchi ina kima chake cha chini, lakini hesabu zake hazifanani. Zambia huweka kima cha mwezi, tena kwa namna ya kazi. Mtumishi wa nyumbani aliwekewa kwacha 993.60 mwaka 2018, na kwacha 1,300 tangu Januari 2024. Kongo huweka kima cha siku kwa kibarua wa kawaida, na vyeo vya juu huhesabiwa kutoka hapo. Kwa hiyo mtu anayelinganisha tarakimu tupu hujidanganya. Lazima aulize kwanza: ni kazi gani, siku ngapi, na je, nyumba na nauli zimo au hazimo?

Tena kuna mdudu anayekula mshahara kimya kimya, ndiye kuanguka kwa franka. Amri ya mwaka 2008 iliweka franka 1,680 kwa siku, karibu dola 3 za wakati ule. Kima kile kilibaki vile vile hata thamani yake ikafika dola moja hivi. Amri ya mwaka 2018 ikaweka franka 7,075, yaani dola 4 na kitu. Lakini kufika mwaka 2025 zilikuwa zimebaki kama dola 2 na nusu. Ndipo mwaka 2025 kima kikapandishwa hadi franka 14,500, na amri hiyo ikapanga 21,500 kwa Januari 2026. Katika miaka ile ya kungoja, mwajiri aliweza kutimiza sheria yote, na mtoto wa mfanyakazi akalala na njaa.

Nani anayeangalia?

Na wako wasioitimiza kabisa. Mwaka 2012 Zambia ilipandisha kima cha chini. Katika mgodi wa makaa wa Collum, kusini mwa nchi, wafanyakazi walidai kwamba hawalipwi kima kipya. Fujo ikatokea mwezi wa Agosti, na msimamizi mmoja Mchina akauawa. Mwaka 2010 wasimamizi wa mgodi ule ule walikuwa wamewapiga wafanyakazi risasi na kuwajeruhi. Ubaya ulizaa ubaya, kwa sababu haki ilichelewa kufika.

Kwetu Katanga ujanja mwingine ni wa wakala. Mgodi mkubwa hauandiki mtu. Unampa wakala kazi, na wakala ndiye anayewaandika watu, kwa mapatano mafupi au bila mapatano. Mkaguzi wa kazi akiuliza, kila mmoja humwonyesha mwenzake. Tena akiba ya mkaguzi ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi asiye na karatasi ya mapatano wala ya malipo, atamwonyesha mkaguzi nini?

Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha kwamba mapatano ya watu wawili hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, ikiwa hauwezi kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi. Mwenye njaa hukubali chochote, na kukubali kwake si uhuru.

Neno hili halisemwi kwa mabwana wa migodi peke yao. Katika parokia zetu wengi tunaye mlinzi mlangoni, au binti anayepika na kulea watoto, au kijana wa dukani. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inawahusu hao pia. Jioni ya leo tuchukue kalamu, tuzidishe kima cha siku kwa siku 26, kisha tutazame tulichomlipa mwezi uliopita. Ikiwa kimepungua, tumlipe sehemu iliyobaki kabla ya kuanza kuzungumza habari za Union Minière.