Barua za wachapishaji: Hazina inayouzwa kwa kilo

WANAOKUSANYA barua zenye sahihi za watu mashuhuri aghalabu huanza na wanasiasa. Ni wachache mno jijini Nairobi wanaoulizia barua za wachapishaji wa vitabu, ilhali ni wao walioamua ni miswada ipi ya Afrika Mashariki ingesomwa na ipi ingefia kabatini.

Mkusanyaji hana budi kwanza kuelewa safari ya barua hizo. Enzi ya taipu, mhariri alipomwandikia mwandishi, karani alichapa karatasi mbili au tatu kwa pamoja, zikiwa zimetenganishwa na kaboni. Ile ya juu ilitiwa sahihi na kutumwa. Nakala, ambayo mara nyingi haikuwa na sahihi, ilibaki katika faili ya kampuni.

Kwa hivyo sahihi ya mwandishi hutafutwa kwa mchapishaji, na ya mchapishaji hutafutwa nyumbani kwa mwandishi.

Upande wa kampuni una afueni kiasi. Heinemann ya London ilianzisha mfululizo wa African Writers Series mwaka wa 1962, Chinua Achebe akiwa mhariri mshauri kwa miaka kumi ya kwanza. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. James Currey, aliyeusimamia mfululizo huo kuanzia 1967 hadi 1984, alizitegemea barua hizo alipoandika historia yake iliyotoka mwaka wa 2008. Anayetaka kujua Nairobi iliiambia London nini kuhusu waandishi wetu hulazimika kupanda ndege.

Upande wa pili uko hapa kwetu, na ndio unaoteketea. Henry Chakava alijiunga na tawi la Heinemann la Nairobi mwaka wa 1972. Mwaka wa 1980 alichapisha 'Caitaani Mũtharabainĩ', riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za msalani akiwa kizuizini Kamiti. Chakava alitishwa, kisha akavamiwa na kujeruhiwa mkononi. Barua ya mhariri ya miezi hiyo, hata ikiwa inazungumzia tahajia tu, ina uzito kuliko kadi kumi za Krismasi zilizotiwa sahihi na waziri.

Chakava alifariki mwaka wa 2024, naye Ngũgĩ akamfuata mwaka wa 2025. Waliopokea barua za wahariri wa kizazi hicho sasa ni wazee na wajane, wengine wakiishi katika mitaa ya magharibi mwa jiji, kutoka Kangemi hadi Lavington. Mzee akishazikwa, watoto husafisha nyumba. Vitabu huishia kwa wachuuzi wa katikati mwa jiji, nazo karatasi huuzwa kwa kilo na kufungia njugu. (Nami sina ubavu wa kumlaumu yeyote: barua iliyoukataa mswada wangu wa ujana niliipasua kwa hasira.)

Barua ikipatikana, ichunguzwe kabla ya kulipiwa. Tarehe, jina na anwani sharti vipatane. Ngũgĩ alichapisha 'Weep Not, Child' mwaka wa 1964 kwa jina la James Ngugi. Barua ya mwaka huo yenye sahihi ya 'Ngũgĩ wa Thiong'o' itiliwe shaka. Kampuni ya Chakava ilianza kuitwa East African Educational Publishers mwaka wa 1992, hivyo jina hilo haliwezi kuwa juu ya barua ya 1985. Vilevile, Moi Avenue ilikuwa Government Road kabla ya Daniel arap Moi kuwa rais mwaka wa 1978. Walaghai husahau majina ya barabara.

Kuna suala la sheria pia. Anayenunua barua hununua karatasi, si maneno. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, maneno hubaki mali ya aliyeyaandika, kisha warithi wake, hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kuichapisha barua gazetini bila idhini yao ni kosa, hata kama imetundikwa sebuleni kwako.

Thamani ya kuweka barua ilidhihirishwa na Yusuf Ulenge, nduguye Shaaban Robert. Alizitunza barua za mshairi huyo kwa miongo mingi, na mwaka wa 2002 zikatolewa kitabu jijini Dar es Salaam, zikianzia 1931 hadi 1958. Hapa Nairobi, mkusanyaji aliyetia fora ni Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka wa 1966. Vitabu na nyaraka zake vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, na familia isiyojua la kufanya na sanduku la marehemu yaweza kuanza kuulizia hapo.

Kabla ya kufika huko, barua zisitobolewe, zisigandishwe kwa utepe wala kufunikwa kwa plastiki ya moto. Ziwekwe mahali pakavu pasipo na jua. Zibaki katika mpangilio ulezile zilizokutwa nao, kwani jibu husomeka vyema likiwa kando ya swali. Bahasha pia isitupwe: mara nyingi tarehe iliyokosekana kwenye barua hupatikana kwenye mhuri wa posta.