Imara au Stahimilivu? Historia ya Dhana Moja ya Kiwandani na Istilahi Zake

Miongoni mwa dhana za uhandisi ambazo wafasiri wetu hukutana nazo, ipo moja ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno litumikalo aghalabu kumsifu mtu mwenye siha na nguvu. Mfasiri mwenye haraka huandika "usanifu imara" na kuendelea na kazi yake. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha, kwa kuifuata historia ya dhana yenyewe, kwamba tafsiri hiyo haitoshi, na kwamba yaweza kumfanya mwanafunzi wa ufundi, au ofisa anayeandaa masharti ya zabuni, aelewe kinyume cha yale yaliyokusudiwa.

Chanzo cha mambo haya kilikuwa shambani. Mwaka 1919 mtakwimu R. A. Fisher aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Huko alikuta tatizo linalojulikana na kila mkulima: hakuna shamba ambalo udongo wake una rutuba sawa pande zote. Ikiwa mbolea mpya imetiwa upande wenye rutuba, nani atajua kama mavuno mazuri yametokana na mbolea au na udongo? Fisher alibuni njia za kupanga majaribio ili tofauti za udongo zisimdanganye mtafiti, na mwaka 1935 akazieleza katika kitabu chake juu ya upangaji wa majaribio. Shabaha yake ilikuwa kuujua ukweli japokuwa tofauti zipo.

Mjapani Genichi Taguchi, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2012, aliligeuza swali hilo. Katika miaka ya 1950 alikuwa akifanya kazi katika maabara ya mawasiliano ya umeme ya nchi yake, wakati ambapo Japani ilikuwa ikijenga upya mfumo wake wa simu baada ya vita. Fedha na vifaa vilikuwa haba. Taguchi aliuliza hivi: badala ya kuziondoa tofauti kwa gharama kubwa, je, twaweza kukisanifu kitu ili tofauti hizo zisikidhuru?

Mfano unaotajwa sana ni ule wa kiwanda cha vigae cha Ina Seito, mwaka 1953. Kiwanda hicho kilikuwa na tanuri jipya ambamo vigae vilipangwa tabaka kwa tabaka juu ya matoroli na kuchomwa. Joto halikuenea sawasawa: vigae vya nje vilitoka na ukubwa tofauti na vile vya ndani, na vingi vikawa havifai kuuzwa. Kulijenga upya tanuri kungegharimu fedha nyingi. Wahandisi waliamua kuliacha kama lilivyo, wakauchunguza mchanganyiko wa udongo. Walichagua mambo 7 ya kubadili, kila moja kwa viwango viwili. Kuyajaribu yote kwa kila namna kungehitaji majaribio 128. Kwa kutumia jedwali lililosawazishwa, ambamo kila kiwango cha jambo moja hukutana na kila kiwango cha jambo jingine kwa idadi sawa, walihitaji majaribio 8 tu. Iligunduliwa kwamba chokaa ikiongezwa kutoka asilimia 1 hadi asilimia 5, vigae hutoka karibu sawa popote vilipowekwa. Inasimuliwa kwamba vigae vibovu vilipungua kutoka kiasi cha asilimia 30 hadi kiasi cha asilimia 1.

Hebu sasa msomaji ajiulize: katika kisa hiki, ni kitu gani kilichofanywa imara? Tanuri halikuimarishwa. Hatuambiwi kwamba kigae kilifanywa kinene wala kigumu zaidi. Joto nalo liliendelea kutofautiana kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba udongo uliweza kulichukua joto la namna yoyote bila kupoteza umbo lililotakiwa. Kwa Kiswahili sifa hiyo ina jina: ni *ustahimilivu*. Neno *stahimili* limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kubeba, na ndugu zake ni *himili* na *hamali*. Hamali hauondoi uzito wa gunia. Hulibeba likafika salama. Kwa hiyo *usanifu stahimilivu* hueleza jambo lenyewe, ilhali "usanifu imara" humpeleka msomaji kwenye vyuma vinene na gharama kubwa, mambo ambayo njia hii ilibuniwa ili kuyaepuka.

Istilahi ya pili ni ile ya mambo yanayoleta tofauti: joto, unyevu, vumbi, uchakavu, uzembe wa mtumiaji. Katika Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya kelele, lililotoka kwenye kazi ya simu, ambako kelele husikika kwelikweli katika waya. Lakini mwalimu akisema kwamba joto la tanuri ni "kelele", wanafunzi watacheka, na watakuwa na haki. Neno *visumbufu* lafaa zaidi, na mwenzake liwe *vidhibitiwa*, yaani mambo ambayo msanifu aweza kuyachagua.

Tatu ni sifa ya kifaa kufanya kazi ipasavyo kwa muda uliotarajiwa. Wengine huandika *uaminifu*, ambao ni tabia ya mtu. Wengine huandika *utegemezi*, na hapo hatari ni kubwa zaidi, kwani tegemezi ni yule anayewategemea wengine. Pampu ya maji ya kijiji haipasi kuwa tegemezi, yapasa *kutegemeka*.

Mwaka 1980 Taguchi alikwenda Marekani, katika maabara za Bell. Huko majaribio 18 tu ya utengenezaji wa saketi za silikoni yalishusha mtawanyiko wa vipimo vya vitundu vyake hadi kiasi cha robo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1983. Baadaye watakwimu, akiwemo George Box, walizikosoa baadhi ya hesabu zake, huku wakikubali kwamba shabaha yake ilikuwa njema. Mfasiri na akumbuke tofauti hiyo: dhana yaweza kudumu hata kama hesabu zake zimerekebishwa, na istilahi hufuata dhana.

Hoja yetu, basi, ni ndogo lakini ina matokeo. Ofisa akiandika katika zabuni kwamba pampu iwe "imara", ataletewa pampu nzito. Akiandika kwamba iwe *stahimilivu kwa mchanga, kwa joto na kwa umeme unaopanda na kushuka*, atakuwa amemwambia msanifu ni visumbufu gani avikabili, na atakuwa amempa mkaguzi jambo la kupima.