Namba Tatu za Baba Mdogo

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ngara kumsalimia baba mdogo. Nilimkuta chini ya migomba, kitochi mkononi, anaandika kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Nikadhani ni hesabu za kahawa. Nilipomwamkia akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akacheka: "Hizi ni namba za ndoto, mwanangu. Jana nimeota nyoka wawili wanavuka barabara ya Rulenge. Wewe unadhani hiyo ni ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ila swali lake limenifanya niitazame upya historia ya kamari kwetu.

Dola yetu haijawahi kuwa na moyo mmoja juu ya jambo hili. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza inamweka anayecheza kamari hadharani kapu moja na mzururaji. Lakini mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, ikatungwa sheria ya kuruhusu na kusimamia bahati nasibu. Mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Zote mbili zikafutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, iliyoleta Bodi inayotoa leseni mpaka leo. Tangu hapo swali si tena kama kamari ni mbaya. Swali ni: una leseni?

Kisha simu ikaingia. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kufika 2017 Biko na Tatu Mzuka, zenye leseni, zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Huhitaji tena kwenda mjini kukata tiketi. Jero yako inaondoka ukiwa shambani.

Mchezo wa namba tatu si mgeni duniani. Harlem, New York, miaka ya 1920, ulichezwa kimyakimya nje ya sheria, na mwanamama Stephanie St. Clair akatajirika kwa kuuendesha. Maskini waliweka senti zao, na aliyepatia alilipwa kama mara 600. Inavutia, eti? Sasa chukua kalamu. Kuanzia 000 hadi 999 kuna namba 1,000. Kila namba ikinunuliwa kwa jero, zinakusanywa shilingi 500,000. Mshindi anapewa 300,000. Laki mbili zinabaki kwa mwenye mchezo, na hajaota nyoka hata mmoja.

Hapo hakuna wizi. Ni hesabu tu. Wizi ulimjia baba mdogo baadaye, kwa ujumbe wa simu: hongera, namba zako zimeshinda mamilioni, tuma ada ya kufungulia zawadi. Waliomwandikia hawakuwa na leseni, ofisi, wala droo. Mtaji wao ulikuwa lile daftari: mzee aliyekwishazoea kuamini kwamba siku moja simu itamletea habari njema. Akatuma. Wakasema bado kodi. Akatuma tena. Mara ya tatu namba yao haikupatikana.

Hela yenyewe alikuwa ametumiwa na mwanawe aliyeko Biharamulo, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Ilikuwa ya bati. Kijana aliponisimulia hakufoka. Alisema tu, "Kaka, hata mimi nacheza bahati. Lakini nikikosa dhahabu, shimo naliona, najua nimechimba mpaka wapi."

Sheria inatenganisha kamari halali na haramu, na ni vizuri ifanye hivyo. Mwenye leseni ana mahali pa kushtakiwa. Ila mfuko wa mchezaji hauoni tofauti kubwa, na tapeli hupita kwenye mlango ambao tangazo la halali lilishaufungua.

Mwaka jana nilirudi. Nyumba bado ni ya nyasi upande mmoja. Daftari lipo, mjukuu anafanyia hesabu za kuzidisha. Baba mdogo akaniambia ameota tena. Nikamuuliza ameota nini.

"Bati," akasema.