Barua za Kilindini, Vipande vya Kitale

Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, na baharini zikazamisha manowari za Waingereza, ikiwemo HMS Hermes iliyobeba ndege. Zilizobaki zikatafuta pa kujificha. Zikaja kwetu, Kilindini.

Mkubwa wao alikuwa Admirali James Somerville. Huyu mzee alikuwa ameshastaafishwa 1939 kwa sababu za afya, vita vikamrudisha kazini. Alitimiza miaka 60 Julai hiyo ya 1942, akiwa bado kazini Bahari ya Hindi, na mkewe yuko Uingereza. Aliweka shajara ndogo ya mfukoni, na alimwandikia mkewe barua baada ya barua. Karatasi zake zimehifadhiwa Churchill College, Cambridge, na sehemu yake ilitolewa kama kitabu 1995. Yaani leo mtu anaweza kukaa chini akafuata siku za huyo jamaa moja moja.

Maisha yenyewe ya afisa wa manowari hayakuwa sinema. Zamu za saa nne nne, mchana na usiku. Chuma kinachopikwa na jua la Mombasa, na usiku madirisha yamefungwa ili mwanga usionekane nje. Kazi kubwa ilikuwa kungoja. Maofisa ndio waliosoma barua za mabaharia wao kabla hazijatumwa, wakafuta jina la bandari au la meli. Fikiria kazi hiyo: umemkosa mkeo mwaka mzima, halafu jioni unapitia maneno matamu ya wenzako na penseli mkononi. Barua nyingine zilipigwa picha kwenye filamu ndogo, zikarushwa kwa ndege, zikachapishwa tena huko ziendako. Na pale shule ya Allidina Visram, ikitazama bahari, wataalamu walikesha wakifumbua siri za redio za Wajapani. Novemba 1942 walifanikiwa kuvunja mfumo wa siri uliotumiwa na meli zao za mizigo.

Sasa mimi ni mtu wa huku juu, Kitale na Bungoma, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa hizo meli. Nikisoma habari za Kilindini huwa nauliza swali la tumbo: walioshusha mizigo bandarini walikula nini? Posho, bila shaka. Unga wa mahindi. Na ukisema mahindi Kenya, umesema Trans Nzoia.

Mwaka huohuo wa 1942 serikali ya kikoloni iliwahakikishia masetla malipo ya mazao yao, huku mahindi ya Mwafrika yakinunuliwa kwa bei ya chini. Halafu ikaruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Si jeshini, mashambani. Mwaka uliofuata nchi ikaingia njaa. Kutoka Kimilili hadi Kitale hata kilomita mia hazifiki, lakini aliyechukuliwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka apendavyo. Jioni hakuketi kuandika shajara. Karatasi aliyokuwa nayo ni kipande, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Mwajiri ndiye aliyeandika humo. Nyumbani mke alipalilia peke yake msimu mzima.

Somerville alikuwa na upweke wa kweli, simkatalii. Lakini upweke wake ulikuwa na posta.

Kuna aliyekataa. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mwanasoka aliyewahi kuichezea Kenya, sasa kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaambia watu wasiende. Vita vya wazungu si vyetu, na jembe la wazungu pia si letu. Machifu na askari wao walipokuja kukusanya vibarua walimkuta yeye. Serikali ilimfikisha mahakamani, ikaamua kwamba ana wazimu, na 1945 ikampeleka hospitali ya Mathari, Nairobi. Kusema ukweli, sehemu hii hunichekesha na kunikera kwa pamoja. Mtu anakataa kutenganishwa na mji wake ili alime mahindi ya mwingine, na hilo ndilo linaitwa ugonjwa.

Baadaye hatari ilipungua, na makao makuu ya meli yakahamia tena Ceylon. Somerville akaondoka upande huu 1944, akatumwa Washington. Masinde alitoka Mathari 1947. Mwaka huohuo sheria ya kipande ikafutwa, wanaume wakavua vile vikopo shingoni.