Mstari Kabla ya Barabara

Mkazi wa Tena atokaye nyumbani alfajiri kwenda mjini hafiki mbali kabla ya kukutana na Barabara ya Outer Ring. Barabara hii, yenye urefu wa kilomita 13 hivi, yaanzia Barabara ya Thika upande wa kaskazini na kushuka hata pande za Embakasi. Kwa miaka mingi ilikuwa nyembamba, gari moja likienda na moja likirudi. Ilipopanuliwa katika miaka iliyofuata 2014, vibanda vya wachuuzi vilivyosimama kando yake vilivunjwa, na watu wakauliza swali liulizwalo kila mahali pa namna hiyo: kwa nini ipite hapa, isipite pale?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mji wa Nairobi wenyewe. Wengi hudhani kuwa barabara huanza siku tingatinga linapowasili. Sivyo. Huanza na mstari mmoja mwembamba uliochorwa karatasini, na kabla ya mstari huo kuna mtu aliyetembea juu ya nchi akiitazama.

Mtu wa kwanza kufanya kazi hiyo kwa reli ya kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria alikuwa Kapteni J. R. L. Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza. Aliondoka Mombasa Desemba 1891 pamoja na wapimaji, askari na wapagazi, wakapima kwa miguu yao nyika, mabonde na milima. Alipomaliza mwaka 1892, alikuwa na njia ya maili 657, ikiishia Ghuba ya Berkeley, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi ya kustahiwa. Lakini mtu apitaye nchi ngeni mara moja tu hawezi kuona kila kitu.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse, na reli ikafika Nairobi Mei 1899. Wakati huo wapimaji walikuwa wametumwa tena mbele kutazama upya nchi ya magharibi. Wakaona kwamba yawezekana kuvuka milima ya Mau na kuteremkia bonde la Nyando, kisha kuufuata uwanda hata ziwani. Mstari wa Macdonald ukafutwa kuanzia hapo. Safari ikapungua kwa maili zaidi ya 70, na Desemba 1901 reli ilifika mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Huko kukawa na bandari, karakana, soko na hatimaye mji mkubwa. Ghuba ya Berkeley ikabaki na wavuvi wake.

Hivyo ndivyo mstari mmoja ulivyohamishwa, na bahati ya watu ikahama pamoja nao. Haifai kusahau kwamba mstari huo mpya ulipita chini ya milima ya Wanandi, na wao hawakuulizwa neno. Waliushambulia ujenzi na kuzichukua nyaya za simu, na mapigano yao na Waingereza hayakukoma mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba 1905. Katika hesabu za wapimaji, upande huo wa njia ulikuwa ni nafuu tu.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Mstari wa barabara hufanywa kwa vipande vilivyonyooka vinavyounganishwa kwa matao. Kila tao lina nusukipenyo chake, na ukubwa wake hutegemea mwendo wa magari. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nusukipenyo hakina budi kuzidishwa mara nne, ikiwa mwinamo wa barabara na mshiko wa magurudumu ni ule ule. Ndiyo maana barabara ya magari ya kasi haiwezi kupinda ghafula ili kuikwepa nyumba au kisima. Lazima ianze kupinda mbali sana, na huko mbali pia kuna nyumba za watu. Tena tao halianzi mara moja. Wahandisi wa reli wa karne ya 19 waligundua kwamba behewa hutikisika vibaya likitoka kwenye unyofu na kuingia kwenye tao, wakaweka katikati mkunjo ukazao pole pole. Mkunjo huo watumika hata leo.

Zamani, kubadili tao moja kulikuwa adhabu. Mhandisi alikokotoa upya kwa majedwali, akachora upya, kisha akapima upya udongo wa kukatwa na wa kujazwa. Kompyuta imeigeuza kazi hiyo. Programu ya AutoCAD ilitoka Marekani mwaka 1982, na baadaye zikaja programu za barabara hasa, ambazo hushika sura ya nchi nzima kutokana na vipimo vya ardhini. Mchoraji huivuta nukta mahali mistari miwili ikutanapo. Tao, miinuko, miteremko na kiasi cha udongo vyote hubadilika mbele ya macho yake. Kosa la tao moja, lililokuwa adhabu zamani, leo hurekebishwa kabla chai haijapoa.

Hata hivyo programu huona kile tu ilichopewa. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi itokayo Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilipokuwa ikijengwa, mkuyu mkubwa wenye umri wa zaidi ya miaka 100 ulisimama katika njia yake kwenye Barabara ya Waiyaki. Katika mchoro, mti kama huo ni duara dogo lenye nukta katikati. Kwa Wakikuyu, mugumo ni mti wa ibada. Iliarifiwa kwamba mti ungeng'olewa na kuhamishwa. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uhifadhiwe. Barabara ilifunguliwa kwa magari Mei 2022. Mkuyu haukuhamishwa, ilibidi mstari uupishe.