Hofu ya Mtoto, Ngano na Rika: Kyela na Ufukwe wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa, 1887–1977

Katika mijadala ya fasihi simulizi, ngano za kutisha hufafanuliwa mara nyingi kwa uamilifu mmoja: humtia mtoto hofu ili atii. Zimwi humla anayetoka nje usiku, chatu humkaba asiyewasikiliza wazazi, na funzo limekwisha. Ufafanuzi huu una ukweli wake, lakini hauelezi kwa nini mtoto yuleyule aliyetishwa jana huomba ngano ileile irudiwe leo. Bettelheim (1976), akichambua ngano za Ulaya, alijibu kwamba ngano huipa hofu ya mtoto sura na mwisho: kile kilichokuwa giza tupu hugeuka jitu lenye jina, na jitu hilo hufa. Jibu hilo linashawishi. Hata hivyo, mtoto wa Bettelheim ni mtoto wa nyumba ya wazazi wake, na hoja nzima imejengwa juu ya nyumba hiyo.

Mulokozi (1989) amesisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio. Haiwezi kutenganishwa na fanani, hadhira, mahali na wakati. Msimamo huo ukichukuliwa kwa uzito, swali la ngano na ujasiri wa watoto linakuwa swali la kihistoria: mtoto alisikia wapi, na kando yake aliketi nani? Kwa Wanyakyusa wa Kyela, jibu lilibadilika mno katika muda wa chini ya karne moja.

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Katika *Good Company* (1951), Monica Wilson anaeleza kwamba mvulana alianza kuchunga ng'ombe pamoja na wenzake akiwa bado mdogo, na alipofikia umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa wazazi. Alihamia katika kijiji cha wavulana wa rika lake, ingawa aliendelea kula kwa mama yake. Sababu waliyoitoa wenyeji ilikuwa ya staha: haifai kijana anayekua alale karibu na wazazi. Lakini mfumo huo ulisimama pia juu ya thamani iitwayo *ukwangala*, yaani raha ya kukaa na kuongea na walio sawa nawe, ambako ndiko adabu na busara zilikodhaniwa kupatikana. Kiswahili kina "maongezi" na "barza", na hakuna hata moja linalotosha.

Umuhimu wa mpangilio huu kwa mjadala wa ngano haujatazamwa vya kutosha. Mtoto aliyesikiliza masimulizi akiwa ameegemea magoti ya bibi yake alijua kwamba miaka michache baadaye angelala gizani bila mzazi, katika kibanda walichojijengea watoto wenzake. Bonde la Kyela, linalopokea maji ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo kabla hayajaingia ziwani, halikuwa mahali pa hofu za kubuni. Mamba walikuwa mtoni, mafuriko yalikuja na masika, na ziwa lilichafuka upepo wa mwera ulipovuma. Kwa mtoto huyo ngano ilikuwa maandalizi ya safari anayoifahamu tarehe yake. Senkoro (1997) amechambua nafasi ya safari katika ngano za Zanzibar, ambamo mhusika huacha nyumbani na kurudi akiwa mtu mwingine. Huko Kyela safari hiyo ilikuwa ya hatua mia chache tu, na kila mvulana aliifanya.

Hofu nzito zaidi, hata hivyo, haikuwa ya mnyama. Wilson anaeleza imani kwamba wachawi wana chatu tumboni, na kwamba katika kila kijiji wamo walinzi, *abamanga*, wanaowaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku. Masimulizi hayo hayakuwa ngano, bali yaliaminiwa kuwa habari za kweli. Mtoto aliyeyasikia alipata mambo mawili kwa pamoja: kuna jirani wa kuogopwa, na kuna jirani aliye macho kwa ajili yako. Faraja hiyo haikuwa kamili. Nguvu za mlinzi na za mchawi zilidhaniwa kutoka mahali pamoja, kwa chatu walewale. Ni vigumu kupata mfano bora wa simulizi inayokiri hofu ya mtoto bila kuidanganya. Zimwi la ngano hufa mwishoni. Mchawi hafi, ila analindwa dhidi yake, usiku baada ya usiku, na watu wa kijiji chako.

Hofu hiyo ya binadamu ilikuwa na historia. Oktoba 1887 watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, waliwashambulia Wangonde karibu na Karonga. Waliokimbilia kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe walichomewa moto humo, na waliojitosa majini waliangukia mamba. Fotheringham, wakala wa kampuni ya biashara ya Waskoti hapo Karonga, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1891. Manusura wengi walivuka mto Songwe na kupokewa upande wa Unyakyusa. Watoto wa wakimbizi hao walikulia katika bonde hilohilo, wakisimuliwa ngano za mamba.

Kumbukumbu za sauti zao hazikuandikwa palepale. Masimulizi ya maisha yaliyoandikwa na mmisionari wa Kimoraviani Elise Kootz-Kretschmer katika nyanda za juu za jirani, na kuchambuliwa na Marcia Wright (1993), yanatoka kwa watu wazima wanaokumbuka utoto wa kutekwa na kuuzwa. Matini za Kinyakyusa za wamisionari wa Kijerumani nazo zilikusanywa kwa ajili ya kujifunza lugha na desturi. Kwa hiyo kumbukumbu zinahifadhi ngano, ila hadhira ya watoto imefutika.

Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Walibaki kwa mama hadi ndoa, na wengi waliposwa wakiwa wadogo kwa wanaume waliowazidi umri kwa mbali. Safari yao ilikuwa ndefu kuliko ya kaka zao, na waliifanya bila rika. Hoja yoyote inayosifu vijiji vya wavulana inapaswa kulibeba jambo hili.

Vijiji hivyo havikuvunjwa kwa siku moja. Kazi za Lupa na za migodi ya shaba ya Zambia ya leo ziliwaondoa vijana, ardhi ikapungua, na utemi ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963 sherehe ya *ubusoka*, ambayo kwayo kizazi kipya kilikabidhiwa nchi, ilipoteza mhimili wake. Wilson (1977) anayafuatilia mabadiliko hayo hadi 1971. Mwaka wa kitabu hicho ndio mwaka ambao elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa, na tangu hapo mtoto wa miaka 10 anakutana na rika lake darasani, mchana, mbele ya mwalimu, kwa Kiswahili.

Ngano haikufa, ilihamia vitabuni. Kilichobadilika ni maana ya wahusika wake. Chatu wa kitabu cha Kiswahili ni nyoka mkubwa wa porini, ashindwaye na sungura au kijana hodari katika ukurasa wa mwisho. Mtoto wa Ipyana au Matema anayejua, kwa minong'ono ya nyumbani, kuhusu chatu mwingine akaaye tumboni mwa mtu, hamkuti katika kitabu hicho, wala hapewi wenzake wa kulala nao kibandani wakati anapomfikiria.